Kikohozi Nyuma ya Kitenge

Musonoi, 5 Aprili 1993

Tata wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mguu wako unaendeleaje? Unalala? Sisi tuko salama. Mama homa imemwachia, na bibi yetu, Kambo Godelieve, bado yuko kwetu na ana nguvu za kutugombeza asubuhi mpaka jioni.

Tata, nina habari! Nimeanza barua hii mara tatu kwa sababu kalamu inakimbia. Mama ametoka mahakamani: Jumatano baada ya Pasaka utafikishwa mbele ya hakimu! Ataamua kama utabaki ndani kungoja kesi au utarudi nyumbani. Tangu Februari umefungiwa humo bila hakimu kukuuliza lolote, na sasa kuna siku!

Jumamosi ya wiki ile ile treni ya kutupeleka Wakasai Kasai inaondoka. Vijana wamepita tena mlangoni wakiimba, “Bilulu, rudini kwenu!” Wanatuita wadudu, na kwetu ni hapa Kolwezi, ulikozaliwa. Wamesema Jumapili nyumba hii itakuwa na watu wengine. Mama amewajibu kwamba bila mume wake hapandi treni. Lakini tukifukuzwa nawe uko ndani, nani atakuletea chakula? Humo asiyeletewa hali.

Basi nieleze. Usiku ule waya wa shaba ulipokatwa na kuibwa mgodini ulikuwa wapi? Mama nami tulikuwa kwenye matanga Mutoshi. Kambo alikuwa amekuja kututembelea, na yeye akija wewe hulala kwa rafiki yako Tata Stany, maana mtu halali nyumba moja na bukwe wake, mama mkwe. Ulikuwa kwa Stany? Ameshapanda treni ya kwanza, lakini nitamwandikia hata leo!

Binti yako,
Mianda

*

Gerezani, 6 Aprili 1993

Mianda, mwanangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako chini ya bukari, ugali wa mama yako. Askari Mbuyu ameniletea sahani bila kuonja, jambo la ajabu. Mguu umepona. Usingizi ni shida: tuko wengi kuliko darasa lako, na mmoja anakoroma kama lori la mgodi likipanda mlima.

Siku ya hakimu imenitia moyo. Lakini usimsumbue Stany. Usiku ule sikuwa kwake. Mvua ilinikuta nyumbani. Nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeniona. Wanasema fundi wa umeme ndiye anayejua kukata waya, na mimi ni fundi, na ni Mkasai. Mungu anajua.

Bado mnasoma? Usiache vitabu.

Tata yako

*

Musonoi, 9 Aprili 1993

Tata mpendwa,

Salamu za Ijumaa Kuu. Ndiyo, tunasoma, ingawa darasani tumebaki kumi na mmoja na mwalimu wa hesabu ameondoka.

Tata, hukuwa peke yako!

Jana nilimsomea Mama barua yako kwa sauti. Kambo alikuwa akitwanga majani ya sombe. Nilipofika pale uliposema “peke yangu,” mchi ukasimama.

“Peke yake namna gani?” akasema. “Mi nilikuwa ndani!”

Akatueleza yote. Ulirudi kutoka kazini jioni, ukaona kandambili zake za bluu mlangoni, ukarudi nyuma. Mvua ikakuzuia kwenda kwa Stany, ukakaa jikoni nje. Ukakohoa, kama mkwe mwenye adabu anavyokohoa, ili ajue uko pale asitoke bila kujifunika. Akasukuma sahani yako kizingitini, akageuka, ukaichukua. Usiku kucha ukawa unakohoa kwa sababu ya moshi, naye hakulala hata kidogo!

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama vile sina akili. “We mutoto, nani aliniuliza? Na mi niende kusimama mbele ya bukwe yangu, nimuangalie mu macho, niseme mambo yake ya usiku? Balikufundisha hivi ku masomo?”

Nawe, Tata, ulinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, sivyo?

Mianda wako

*

Gerezani, 10 Aprili 1993

Mwanangu Mianda,

Pasaka njema, wewe na Mama, na mpelekee Kambo heshima zangu.

Ni kweli. Polisi waliuliza, “Ulikuwa na nani?” Nami sikuwa na mtu. Ningesemaje kwamba nilikuwa na mama mkwe? Miaka kumi na minane sijaona uso wake, wala yeye wangu. Ndiyo heshima niliyompa siku nilipomuoa mama yako. Ndugu zake wa kaskazini mwa jimbo hili walisema Mkasai hana adabu, na Kambo peke yake akasema ninayo. Leo nimburute mahakamani, watu wamcheke? Hapana. Wametunyang’anya mengi, hili sitawapa.

Usinikasirikie.

Tata

*

Musonoi, 12 Aprili 1993

Tata,

Natumaini umeamka salama. Sikukasirika. Nimefikiri siku mbili, na nadhani nimepata!

Heshima yenu haikatazi kusema. Inakataza kuonana. Siku ya harusi ya jirani yetu Mama Huguette si nilishika kitenge katikati ya bwana harusi na mama mkwe wake, mpaka wakapitana? Basi nitashika kitenge! Wewe upande huu, Kambo upande ule. Hakimu akae mbele, awaone wote wawili.

Nilimwambia Kambo. Akauliza, “Kitenge gani?” Tata, akishauliza kitenge gani, amekubali!

Unanijua. Darasani sijawahi kunyoosha mkono hata nikijua jibu. Nikifikiria watu wote wale wakinitazama, natamani kujificha. Lakini nitashika. Wewe kubali tu.

Mianda

*

Gerezani, 13 Aprili 1993

Mianda,

Naandika haraka, Mbuyu anasubiri. Kama kitenge kitakuwa kirefu, nakubali. Mikono yako isichoke. Kisianguke, mwanangu. Nakuomba kisianguke.

Tata

*

Musonoi, 14 Aprili 1993, usiku

Tata yangu, Tata yangu!

Salamu zote mara moja, sina subira! Bado mabega yananiuma. Wewe ulikuwa upande wako wa kitenge, hukuona. Acha nikusimulie upande wetu.

Kambo alivaa viatu vya kanisani. Alipoanza kusema, uso ameugeuzia ukutani, mwendesha mashtaka akacheka: “Mama, unaongea na ukuta?”

“Naongea na hakimu,” akajibu. “We nyamaza kwanza, mutoto wa watu.”

Alieleza mvua, sahani na kikohozi. Mwendesha mashtaka akaruka: “Ulimwona kwa macho?”

“Hapana. Hata siku moja sijamuona.”

“Basi unajuaje alikuwa yeye?”

Watu wakaguna.  Hapo niliona kosa langu, Tata: nimemleta shahidi ambaye hakuona kitu! Nikakikaza kitenge vidoleni.

Hapo ndipo hakimu alipovua miwani na kusema wanaume kadhaa wapite upande wako, wakohoe mmoja mmoja. Ulisikia watu walivyocheka. Lakini Kambo hakucheka. Wa kwanza alipokohoa, alisema, “Huyu anavuta tumbaku, aache.” Wa pili, “Huyu anajifanya.” Huyo alikuwa Mbuyu, na uso wake uliiva kama pilipili!

Kisha ukakohoa wewe. Kidogo tu, mara mbili, kama unavyofanya getini.

 Kabla hujamaliza, Kambo alikuwa ameshajifunika kichwa na kuinama nyuma ya mgongo wangu, ameshika blauzi yangu. Hakuwa akimjibu hakimu. Alikuwa amemsikia mkwe wake.

 Hakimu alivaa tena miwani, akasema taratibu, “Hata nyumbani kwangu ni hivyo.” Mengine uliyasikia: hakuna ushahidi, aachiliwe karatasi ikishatiwa saini. Nilikuwa bado nimeshika kitenge watu walipokuwa wanatoka. Mama ndiye aliyenikunjua vidole.

Mianda

*

Musonoi, 16 Aprili 1993

Tata,

Hii ndiyo sahani ya mwisho ya gerezani, kwa hiyo barua ni fupi. Karatasi imetiwa saini. Kesho alfajiri tutakuwa getini, na kutoka hapo moja kwa moja stesheni. Nimefunga vitabu vitano. Vingine nimempa Stéphanie, jirani yangu wa benchi. Alilia, nami nikalia.

Kambo naye amefunga mzigo! Mama alimwambia, “Mama, we ni mutu wa hapa. Hakuna mwenye anakufukuza.”

“Binti yangu anaenda, mi nabaki na nani? Lakini nitapanda behewa ingine, siyo ya bukwe.”

Mama akaogopa. Wanasema njia ni ndefu, watu wamebanana, wengine hawafiki. Je, tukitengana?

Kambo akakaza fundo la mzigo wake. “Treni ikisimama, bukwe yangu akohoe. Nitajua muko bazima.”

Basi, Tata, kunywa maji ya kutosha leo, ulinde koo lako. Tunakungoja.

Binti yako,
Mianda