Vijiti vya Pamba

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi mzima, ni uchovu tu. Ndani ya bahasha kuna vijiti viwili vya pamba. Visugue ndani ya shavu, uvirudishe kwenye mfuko wake. Ni mambo ya hospitali tu.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo. Miaka sita tangu tumzike baba hujaniletea hata salamu, leo unaulizia mate yangu. Siku ile msibani shangazi alinitazama akasema pua hii haina mwenyewe katika ukoo, nawe ukatazama viatu vyako. Nyumba ya baba unamoishi ina majina yetu mawili, sasa unataka kipimo kiniondoe. Kikulacho ki nguoni mwako. Vijiti vyako nimesafishia cherehani.

Mdogo wako, mpaka maabara iseme vingine

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi si mzima, nilidanganya. Nina saratani ya damu. Nilikuwa naona madoa meusi mikononi nikidhani ni vyuma vya karakana vinanigonga. Nimeshawekewa dripu za dawa awamu mbili, nywele zimeanza kunyonyoka. Daktari anasema nitahitaji uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wa mtu anayefanana nami kwa vipimo, na pa kuanzia ni ndugu. Nami ndugu ninaye mmoja. Niliona haya kukuomba uhai baada ya kunyamaza siku ile.

Vijiti vingine hivi hapa.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na pole kama ni kweli. Nasema kama, kwa sababu ni wewe uliyechovya kipimajoto kwenye chai ukalala siku tatu, mimi nikaenda shule peke yangu. Hospitali nimepiga simu, wanasema ni siri ya mgonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe ulikuwa unaficha hata afya. Mate siyatumi kwa posta, nayaleta mwenyewe mdomoni. Nikikukuta na nywele zako, tutaonana wabaya.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Ulifika salama? Uliondoka bila kuaga, ukaniachia kofia uliyoishona kwa mkono pale wodini. Inanitosha.

Majibu yametoka. Hatufanani. Kabla hujawaza unachowaza, daktari anasema hata wa baba mmoja mama mmoja, wengi hawafanani. Wananitafutia mtu kwenye orodha ya wanaojitolea, nami nimeruhusiwa kusubiri nyumbani. Leo barua ya kwanza nimemwandikia shangazi, nikamwambia nilichopaswa kusema msibani: huyu ni mdogo wangu, na pua yake haikuhusu. Nimechelewa, najua. Naogopa.

Kaka yako

1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sikuaga kwa sababu nilikuwa nalia. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego, maana upole huu si wako. Bado sikuamini. Siamini kwamba unakula, wala kwamba unameza dawa zote. Nimefunga cherehani, nafika Jumamosi, nitakaa hapo nikuone kwa macho mpaka mtu huyo apatikane. Kile chumba changu katika nyumba ya baba, kifungue madirisha.

Mdogo wako