Nakala ya Ejo

Jumatatu, 3 Machi

Gitega. Seva ya hapa tayari, nimeiwekea mfumo mpya. Mfumo wa zamani waliouunda walishauacha, hawautengenezei tena viraka vya usalama. Tumekaa nao muda mrefu kama nyumba isiyo na komeo. Huu mpya naupenda bila aibu. Viraka vingi unavipokea bila kuzimwa. Mtu akijaribu nywila ovyoovyo, unamchelewesha makusudi. Na mafaili yatasafiri kati ya Gitega na Muyinga yakiwa yamefungwa njia nzima. Nilimweleza mkurugenzi kwa dakika ishirini. Akauliza kama printa itafanya kazi.

Keshokutwa Muyinga. Huko ndiko kuna mali: sauti. Shirika letu linarekodi wazee wanaojua shamba lipi lilikuwa la nani kabla watu hawajakimbilia Tanzania. Gitega tuna nakala za hadi mwisho wa Januari tu. Mtandao wa huko ni wa kobe.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika saa tano, mgongo umekufa. Issa, fundi wa Muyinga, hayupo. Amekwenda kupanga foleni ya mafuta ya jenereta, na amefunga Ramadhani, maskini.

Kuna njia mbili. Kupandisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani, au kufuta diski yote na kuanza upya. Mimi ni mtu wa kufuta. Takataka za miaka kumi sizibebi.

Nikamwandikia Issa: nakala ya sauti ipo? Akajibu: "Kopi ya yote iko ejo, dada. Usiogope." Vizuri, imefanyika jana. Diski ya nje nimeiona kabatini. Nimefuta. Saa kumi mfumo mpya umesimama. Unaruka kama swala. Nimejipongeza kwa brosheti mbili za nyama ya mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Issa ameingia asubuhi na dumu la mafuta, anacheka. Akaitoa diski ya nje, akaichomeka, akasema sasa tufanye kopi. Nikamuuliza kopi gani. Akaiona skrini, kicheko kikafa.

"Nilisema ejo, dada! Ejo ni leo! Nilijua jana utalala tu, umechoka na njia."

Ejo. Kwa Kirundi ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi, naye aliandika "iko" tu. Nimekulia Tanzania lakini hilo nalijua tangu utotoni, mama alikuwa akinitania nalo. Nilijua. Nikachagua iliyonifaa. Na diski ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuichomeka.

Sauti zote za Februari zimekwenda. Mashahidi wengi wako hai, tutawarudia. Mmoja hayuko hai. Mzee Melkiori wa Buhinyuza, shahidi pekee wa mama Vestine. Alirekodiwa Februari, juma lililofuata akazikwa. Kesi ya Vestine, ya mpaka wa shamba lake na jirani, inasikilizwa Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeing'oa diski ya seva, nimesimika mfumo kwenye nyingine; hakuna kuandika tena juu ya ile niliyofuta. Programu ya kufufua mafaili inatembea. Asilimia nne tangu asubuhi. Umeme umekatika mara mbili. Jenereta inakunywa mafuta yaliyotafutwa kwa siku nzima.

Issa hanisemeshi. Halafu jioni kaniachia chapati na maharage mezani, akakimbia kwao kufuturu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Asilimia thelathini na moja. Yanatoka mafaili yasiyo na majina. Nayafungua moja moja. Kelele. Kelele. Mwanamke anahesabu migomba. Kelele.

Mfumo mpya unafanya kazi barabara. Nauchukia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata Melkiori. Dakika nne kati ya hamsini. Anataja jina lake, la baba yake, la kilima chao, ndiyo kijiji kwa huku. Anaomba maji. Anakunywa, nasikia koo. Anasema, "Sasa ule mpaka..." Kisha mvumo mtupu hadi mwisho.

Nimesikiliza mara tisa, kama mjinga, nikidhani ya kumi ataendelea.

Jumanne, 11 Machi

Mkurugenzi amepiga simu. Ametulia, na hilo ndilo linaloogopesha. "Andika panne, hitilafu tu, andika umeme. Umeme nani atauuliza?"

Kweli, umeme hauna ndugu wa kuutetea. Nimeandika ripoti hiyo. Ya Kifaransa, safi, ukurasa mmoja. Nimeisoma. Nikikaa kimya kazi yangu inabaki, na Vestine ataambiwa ni bahati mbaya. Jirani yake anasema mzee hakurekodiwa kamwe. Umeme hauwezi kusimama mbele ya watu ukakana hilo. Mimi naweza.

Nimeichana ripoti.

Alhamisi, 13 Machi

Buhinyuza. Issa alinipeleka kwa pikipiki, matope hadi magotini. Nilimweleza Vestine kwanza, kabla ya kikao. Alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Akaketi.

Nilisimama mbele ya bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima. Nilitamani kurudi nyuma. Mmoja akauliza, "Ye, ni mashini imekula maneno ya mzee?" Nikasema hapana, mashine ni nzima. Nimefuta mimi. Mzee alirekodiwa, na hizi hapa dakika zake nne. Nikazicheza. Melkiori alipoomba maji, wanawake wawili walianza kulia. Jirani wa Vestine alitazama chini.

Hakuna aliyeweza tena kusema hakurekodiwa. Lakini mpaka haumo, na bila mpaka wazee wameligawa shamba nusu kwa nusu. Upande wa kijito, wenye migomba, umekwenda kwa jirani.

Ijumaa, 14 Machi

Barua ya onyo imefika kutoka Gitega. Sawa.

Vestine amekuja ofisini Muyinga. Ametoka nyumbani kabla ya jua. Nilijiandaa kutukanwa, nilitaka hata anitukane. Ameitazama seva, taa zake za kijani.

"Hiyo sasa ni nzima?"

"Nzima, mama."

"Basi nirekodi mimi. Nikiwa bado hai. Watoto wangu wajue na ile nusu nyingine ilikuwa yetu."

Issa akafunga dirisha kwa sababu ya mvua. Nikamwekea Vestine kikombe cha maji. Akaanza na jina lake, na la baba yake. Dakika hamsini na mbili. Sikumkatiza.