Kuni, Funza na Mikono ya Mama

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku Usukuma, kwenye pamba, ng'ombe na vumbi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Papa Amisi wa mashua akuletee, unaipaka kweli, au umeifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa kidogo, usiniulize kwa nini, huku maziwa ni mengi.

Najua barua hii anakusomea Kaka Dieudonné, maana miwani yako ilivunjika na mingine hutaki. Kaka, jambo. Soma polepole, usiruke hata neno moja, hasa pale utakapotamani kuruka.

Mama, ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa shambani. Ulisema: "Feza, kaka yako sasa ni muntu wa biro, wa kukaa ofisini. Anasema wenzake wanamucheka juu ya mama yake kuchoma na kuuza makala. Mikono yangu hii myeusi njo inamutia haya. Basi, nitaacha." Ulisema kwa upole, utafikiri wewe ndiye uliyekosa. Nililia, halafu nikakasirika. Kwenye simu ningepiga kelele tu, ndiyo sababu naandika. Kabla hujaacha, sikiliza yaliyotokea huku.

Unajua kazi yangu ni utafiti wa wadudu wa pamba. Anayetusumbua zaidi ni funza mwekundu. Anaingia ndani ya kitumba, lile tunda la pamba, na kula mbegu, na ukinyunyiza dawa nje, yeye yuko ndani anakula zake. Mavuno yakiisha, anajificha kwenye vitumba vikavu vilivyobaki mitini, analala humo mpaka mvua irudi. Kwa hiyo sheria inasema: ukimaliza kuvuna, ng'oa miti yote ya pamba, choma. Kila mwaka watu hawachomi. Mabwana shamba wanafoka, wanatisha, wapi! Wenzangu wanasema wakulima ni wakaidi tu.

Mimi nikaenda kuangalia majikoni. Huku kuni ni shida, Mama, nchi ni tambarare tupu. Nyuma ya kila jiko kuna lundo la miti ya pamba, na hizo ndizo kuni zao hadi mavuno mengine. Mjane mmoja mwenye ulimi mkali, anaitwa Mama Kabula, aliniuliza: "Nikizichoma zote leo kama mnavyotaka, kesho ugali nitaupikia sheria?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani nakusikia wewe.

Na kwa sababu nilikukumbuka wewe, nilikumbuka tanuru lako la makala kule nyuma ya nyumba. Nikamwambia: basi tuzichome, lakini zisiishe. Tuzifanye makala (huku wanasema mkaa). Funza watakufa kwa moto, na wewe utabaki na cha kupikia.

Mara ya kwanza, Mama, tulifukua majivu matupu! Mama Kabula akayachota kwa mkono, akanionyesha: "Mtaalamu, hii ndiyo mboga au ndiyo chumvi?" Lundo zima la kuni zake nilikuwa nimelimaliza. Nilitafuta pa kujificha. Nikanunua kuni nyingine nikamrudishia, halafu nikakaa nikifikiria mikono yako inavyofanya. Miti ya pamba ni myembamba, inataka kufungwa mafungu na kubanwa sana. Majani mabichi juu, udongo wa maji juu yake, usiuonee huruma. Halafu moshi: ukiwa mweupe unauacha, ukianza kuwa wa bluu unaziba kila tundu na kuondoka, hata roho ikikuwasha kuchungulia. Hayo sikuyasoma popote. Niliyaona kwako nikiwa mtoto, ukinifukuza nisikanyage udongo.

Mara ya pili tulifukua makala. Madogo, lakini yanalia kling! yakigongana, kama yako. Mama Kabula alipika ugali na maharage, akala, akasema hakuna moshi, leo macho yamepumzika.

Kisha ukaja mkutano wetu wa kazini wa kuchagua ni utafiti gani utangulie, maana fedha haitoshi kwa yote. Mmoja alitaka dawa mpya, kwa kuwa funza wameizoea ya zamani. Mwingine alitaka wafugwe nyigu wadogo wanaowashambulia funza. Mawazo mazuri, siyakatai. Zamu yangu ilipofika nikasema: tuanze na kuni. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akauliza: "Dada, tumekuja kujadili wadudu au mapishi?" Nikajibu: "Mheshimiwa, ni mambo yale yale. Hao wadudu tunawafuga majikoni, na hawatatoka humo mpaka mama apate cha kupikia." Nikamimina makala mezani, juu ya kitambaa cheupe. Wakaanza kuyashika mmoja mmoja, na mikono ikawa myeusi kama yako.

Walijadiliana sana. Mwishowe wakakubali: jambo hili litangulie, na nilisimamie mimi. Bado hatujui kama funza watapungua kweli, hilo ndilo tutakalolipima. Lakini Mama, mwenyekiti aliponiuliza ufundi huu niliupata chuo gani, nilisimama wima nikasema: "Kwa mama yangu, Kalemie. Anachoma na kuuza makala." Sijawahi kusema neno kwa raha namna ile.

Sasa wanawake wa huku wanakuita Mama Feza, na wanauliza utakuja lini. Kaka, usione wivu; huko Kalemie ataendelea kuitwa Mama Dieudonné. Lakini fikiri kidogo: minerval yako na yangu, ile ada ya shule, ilitoka wapi? Shuleni walikuwa wananiita mutoto wa makala, na wewe ndiwe uliyewapiga kwa ajili yangu. Yule kaka yangu namtaka arudi.

Nisalimie Papa Mdogo mshona nyavu, mwambie aache kukaa kwenye upepo wa ziwa na kikohozi kile. Nisalimie Tantine wa sokoni, na katekista wetu anayeniombea.

Mama, ukichoka, pumzika, goti ni lako. Lakini kwa ajili ya kuona haya, usiache.

Na wewe Kaka, nina ombi. Una simu nzuri ya biro. Mama akitoka kwenye tanuru, kabla hajanawa, mpige picha, mikono ionekane vizuri. Nitaitundika ukutani ofisini kwangu, na kila atakayekuja kuniuliza habari za funza ataanza kwa kumsalimia yeye.

Ni mimi mwanao,
Feza, mutoto wa makala