Sheria Mpya Haijamfikia Nekesa

Jericho, Jumapili, Novemba 1997

Na vile nilivyopiga vigelegele! Baada ya ibada, wakili mmoja, msichana mdogo tu, alikuja kutuambia Katiba imebadilishwa: ni marufuku kumbagua mtu kwa jinsia yake. Alisoma kwa Kiingereza mpaka tukasinzia. Jirani yangu Mama Otieno akamkatiza, "Sista, hebu tuambie kwa Kiswahili."

Akacheka. "Mwanamke asinyimwe haki kwa sababu tu ni mwanamke."

Kumbe ni maneno machache hivyo!

Nikasimama. Nikamweleza kwamba binti yangu Nekesa alizaliwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, na marehemu baba yake alikuwa Mganda. Mtoto wa kaka yangu alizaliwa hospitali hiyo hiyo, na mama yake ni Mganda, lakini yeye ni Mkenya kwa sababu baba ni Mkenya. Nekesa alinyimwa kibali cha kuishi nami hapa, akarudi Tororo kwa nyanya yake.

"Sasa naweza kumleta nyumbani?"

Wakili aliinamisha kichwa. "Bado, mama. Kifungu cha uraia hawakukigusa."

Sikumkasirikia. Angalau hakunizungusha kama wale wa ofisi ya uhamiaji. Nimemwambia nitamsumbua mpaka kiguswe.

Lakini naogopa. Watoto hawangoji Bunge.

Agosti nilipomtembelea, Nekesa alinipigia magoti kwa adabu, kama wanavyowasalimia wageni huko. Nyanya yake akamsifu.

Mimi nilitaka anirukie tu.