Kofia ya Minerva na Ndimu Yangu

Kapinga mjukuu wangu,

Kishungi cha kofia ya Minerva kwenye sarafu yangu ya kwanza kilipotea nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Huku Likasi hatujambo. Mtoto wa mama yako mdogo ana meno mawili, lakini anang'ata kama mwenye meno sita. Barua yako ina mistari minne, mitatu ya salamu! Katika wa nne unauliza kama uisafishe kwa ndimu sarafu ya Kiyunani uliyopewa huko.

Mimi mtu wa mgodi nilijua shaba njema inang'aa. Mugiriki mwenye duka alinipa sarafu ya Kirumi, kijani kabisa, yenye huyo Minerva, mungu wao wa kike mwenye kofia ya vita. Nikafurahi: huyu naye anashuka mgodini! Nikaisugua siku tatu kwa ndimu na majivu, nikaenda kumwonyesha.

“Weye! Umefanya nini?”

“Minye nimetosha bucafu yote, bwana,” nikajibu, nikijivunia kuuondoa uchafu wote.

“Miaka elfu na mia nane kuitengeneza ile rangi, na weye siku tatu!”

Akacheka hadi akakaa chini, nami nikacheka. Akanipa ya pili, niiangalie tu. Niliiangalia dakika arobaini, na ndani ya ule ukijani nikaona hadi nyusi zake.

Sasa ninazo kumi na tisa, zote za wenye kofia. Mjomba wako anaziita vyuma chakavu, na inaniuma. Jumamosi saa saba mchana anakuja na mizani, azipime akaziuze kwa kilo. Utazichukua na kuziacha zilivyo? Nijibu ndiyo au hapana kabla ya saa sita mchana siku hiyo.

Nkambo wako