Vyombo vya Baba Uwanjani

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Mimi sijambo, kazi ndiyo ileile ya duka la miwani, kutwa nawauliza watu kama wanaiona herufi ya chini kabisa. Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Huu ni mwaka wa sita tangu nikuandikie, na sitaki tuanze kubishana nani alinyamaza zaidi.

Nina habari. Naolewa tarehe 15 Juni. Mwenzangu ni mpima ardhi, mtu mpole, huongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu na ana uwanja mkubwa wa nyasi nyuma ya nyumba yake. Hatutaki ukumbi. Harusi itakuwa hapohapo nje, kama tamasha la muziki: jukwaa la mbao, mahema ya turubai, vibendera vya pembetatu juu ya vichwa vya watu, marobota ya majani makavu badala ya viti. Na kila kitu kiwe cha zamani. Gauni langu limeshonwa kwa mtindo wa enzi za usichana wa mama. Kadi zimepigwa kwa taipureta. Hata sahani hazifanani, makusudi kabisa.

Ndiyo maana nikakukumbuka. Bado unavyo vyombo vya bendi? Ile ngoma kubwa yenye jina lenu, tarumbeta, makoti mekundu, gramafoni na santuri? Ningependa vyote viwepo uwanjani siku hiyo. Nijibu upesi, mpambaji anachora ramani.

Ni mimi binti yako


15 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa miaka yote ambayo sikuisema. Mimi mzima. Kifua kinakohoa kwa sababu ya vanishi tu. Tangu bendi ivunjike nipo kwenye karakana ya samani, nang'arisha viti vya watu, nikipenga kamasi inatoka rangi ya mninga.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kukaa, nikakalia stuli iliyotoka kupakwa. Suruali imekwisha, stuli imekwisha, bosi amenuna, na mimi hadi sasa nacheka peke yangu kama mwehu. Binti yangu anaolewa, na anataka bendi.

Vyombo vipo, na watu wapo. Besi, mpiga gitaa wetu, magoti yamemgomea, lakini atapiga amekaa. Kijiti, mpiga ngoma wetu, sikio moja limeziba. Anasema hilo ndilo lililokuwa likimchelewesha siku zote. Makoti hayafungi tena tumboni, basi tutasimama nyuma ya vyombo.

Mwanangu, najua kilichotutenganisha. Mama yako alizikwa mimi nikiwa safarini na bendi. Nilikwisha kukueleza, habari ilinifikia siku ya tatu, mmeshamaliza kila kitu. Ulikasirika, na sikulaumu. Nashukuru tu kwamba umenifungulia mlango. Mpe mkwe wangu salamu, na mama yake mwambie aanze kunyoosha miguu, atacheza.

Baba yako


22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huko nyumbani kwenu wote wazima? Sisi huku wazima.

Sijapata jibu lako. Nasema labda barua imepotelea njiani, au ni pilikapilika za harusi. Kwa hiyo naandika tena, barua mbili si dhambi.

Tunafanya mazoezi kila Jumamosi mchana hapahapa karakanani, vanishi inapokauka. Siku ya kwanza tulipiga kama watu wanaobomoa nyumba. Jirani fundi viatu alikuja kuuliza kama kuna aliyeumia. Sasa nyimbo nne zimekaa sawa. Na nimetunga wa tano, hauna maneno, wa wewe kuingilia uwanjani. Niambie ni hatua ngapi kutoka langoni hadi jukwaani, nijue kama niurefushe au niukate. Niambie pia kama jukwaa lina paa, maana jua likiwa kali tarumbeta hupanda sauti.

Besi ameshonesha suruali mpya. Nimemwambia atalitia aibu koti.

Baba yako


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua zako zote mbili nilizipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana.

Hukunielewa, au mimi niliandika vibaya. Wapigaji tumeshapata, kundi la vijana sita wanaopiga nyimbo za zamani na kuvaa kizamani. Niliomba vyombo tu. Vitapangwa karibu na lango, watu wapige picha navyo. Ngoma itakuwa ya kuwekea kadi za pongezi.

Na wewe mwenyewe, Baba, naomba usije. Nimetafuta namna ya kulisema kwa upole nikaikosa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama makaburini napokea pole za watu, na kila aliyenishika mkono aliniuliza baba yuko wapi. Sitaki siku yangu ya harusi ianze na swali hilo.

Mambo yakishatulia nitakuja kukuona. Lori la mpambaji litapita kwako alfajiri ya siku yenyewe kuchukua vitu. Waombe radhi wazee wenzako.

Binti yako


28 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Vyombo nitatoa. Wenzangu nimewaambia. Kijiti ilibidi nimwambie mara mbili, mara ya kwanza nilisemea sikio bovu, na ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Besi alipangusa nyuzi, akalifunika gitaa lake, akaniomba nimsaidie kusimama.

Ngoma mkiiwekea kadi, tandikeni kitambaa kwanza. Ngozi yake ni ya zamani, haitaki vitu vyenye ncha.

Baba yako


19 Juni

Mwanangu,

Hongera kwa ndoa. Hali yako siulizi, nilikuona kwa mbali na ulikuwa mzima.

Uliniambia nisije, na nilikuja. Acha nieleze ilivyokuwa. Dereva wa lori alifika peke yake, mgongo unamuuma, akaomba mtu wa kupakia na kupakua. Nilijiambia, nitapakua, nitauona uwanja, nitaondoka kabla mgeni hata mmoja hajafika. Nikapanda na koti langu la kazi.

Uwanja ulipendeza, nisiseme uongo. Mahema yale, vibendera vile vinavyocheza, baiskeli kuukuu imejazwa maua. Milango ya zamani imesimamishwa kwenye nyasi bila nyumba. Nilifurahi. Nilimwambia dereva, mwanangu ana jicho.

Mpambaji, yule mama mwenye penseli sikioni, akaniongoza hadi kwenye meza karibu na lango. Kitambaa cheupe, mshumaa, maua, na katikati picha yangu. Ile ya nikiwa na miaka ishirini na tisa, mashavu yamejaa, koti linafunga. Chini yake kadi iliyopigwa kwa taipureta: Kwa kumbukumbu ya baba wa bibi harusi, mwanamuziki, aliyetangulia mbele ya haki.

Nilimuuliza huyu ni nani. Akasema, "Marehemu baba wa bibi harusi. Vyombo hivi ni vyake, kwa hiyo tafadhali vishike kwa heshima."

Nikavishika kwa heshima. Ngoma niliiweka nyuma, gramafoni kushoto, makoti nikayatundika, tarumbeta nikaipangusa na kuilaza kwenye kitambaa. Niliirudia kuipangusa hadi mpambaji akaniuliza kama nimekunywa chai. Kijana mmoja mwenye kamera alikuwa anazungukazunguka, sikumjali.

Kisha akapita mama mmoja mrefu na fimbo yake, nikajua ndiye mama mkwe wako. Alisimama mbele ya picha. Alinisemesha mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, akasema mtu huyu alimwacha binti yake angali mdogo mno, na kwamba Mungu amempa yeye nafasi ya kumalizia kumlea. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Wewe nilikuona dirishani, wanakutengeneza nywele. Nilimsubiri dereva ndani ya lori hadi alipomaliza kunywa chai, tukaondoka.

Nilitegemea siku moja uniambie nilikosa. Sikutegemea kuambiwa nilikufa, tena na mtu asiyenijua, tena kwa adabu. Vyombo bakini navyo. Maiti harudishiwi vitu vyake.

Baba yako


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome hadi mwisho, hata kama utaitupa baadaye.

Uongo ule sikuutunga kwa ajili ya harusi. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwa mama mkwe, aliniuliza wazazi wangu wako wapi, nikajibu wamefariki. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Akanikumbatia palepale mlangoni, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Baada ya hapo ningekufufuaje? Hata vyombo nilimwambia vilitunzwa na watu wa karakana moja. Meza ile ilikuwa wazo lake. Alifikiri ananipa zawadi.

Picha za harusi zimefika. Yule kijana alianza kupiga tangu asubuhi, wakati wa matayarisho. Ipo moja ya mzee mwenye koti la kazi anapangusa tarumbeta, na nyuma ya bega lake ipo picha yako. Pua ileile, lile sikio lililokatika ncha lilelile. Mume wangu aliitazama muda mrefu kisha akaniuliza mzee huyu ni nani. Nikasema mpakuzi wa lori. Akauliza tena, polepole, kama kawaida yake. Nikasema ni baba yangu.

Akaniambia, "Kama uliweza kumzika mtu anayepumua, mimi utanifanya nini?" Amehamia kwa mama yake. Leo ni siku ya tisa. Mama mkwe hapokei simu zangu.

Najua ninachotaka kukuomba hakiombeki. Mwandikie mama mkwe. Sema ulinitoroka, ukatuma watu waniambie umekufa ili nisikutafute, na kwamba siku ile ulikuja kwa siri. Sema mimi niliamini hivyo hadi picha zilipofika. Kutoka kwako wataamini. Kutoka kwangu hawataamini tena chochote.

Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Binti yako


14 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Najua huli.

Bahasha ndogo iliyomo humu ni ya mama mkweo. Isome kwanza kabla hujaipeleka. Nimeandika kama ulivyotaka, nilikutoroka, nilijitangazia kifo, nilikuja kujificha nyuma ya lori. Nimeongeza kwamba nilikuwa mlevi, maana mtu mwenye ubaya mmoja tu haaminiki. Nilimsomea Besi kwanza. Alicheka kwenye ulevi, kwa sababu pombe anajua siiwezi, halafu akaacha kucheka.

Huo ndio uongo, umeutaka nimekupa. Sasa na mimi nina la kwangu, na hili sijamsomea mtu.

Habari ya mama yako haikunifikia siku ya tatu. Ilinifikia siku ileile, saa tano asubuhi. Niliitwa kwenye simu ya hoteli. Wenzangu walisema nenda, hakuna aliyenizuia. Basi lilikuwa la saa saba. Nilifika stendi na tarumbeta mkononi, nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi. Basi likaja, likajaa, likaondoka, na mimi nimekaa palepale. Jeneza sikuliogopa. Niliogopa uso wako, namna utakavyoniangalia ukingoja nikuambie sasa tutaishije, na mimi sikujua.

Nikarudi. Jioni ile nilipanda jukwaani, na watu walisema hawajapata kunisikia nikipiga vizuri vile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilipiga vizuri.

Nimekudanganya kwa mdomo na kwa maandishi, hadi Februari ya mwaka huu. Uliponiweka juu ya meza ile na mshumaa, hukunionea.

Baba yako


29 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi nipo.

Barua yako ilifanya kazi. Mama mkwe aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, mezani, miwani inamteleza puani, akaifikisha mwisho, akalia. Mume wangu aliinuka akaja upande wangu, akaniomba msamaha. Siku hiyohiyo alirudi nyumbani na begi lake. Mama mkwe amesema mtu wa namna ile asikanyage kwake wala kwetu, na siku tukipata watoto wasilisikie jina lake. Wote waliitikia. Na mimi niliitikia.

Hilo lingine nilikuwa nalijua. Mama mdogo ndiye aliyepiga simu hotelini, na mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Nilisikia sauti yako ikisema unakuja. Mazishi yalisogezwa hadi kesho yake kwa ajili ya basi lile la saa saba.

Miaka yote kila barua yako niliyofungua nilikuwa nautafuta mstari wa kukiri hilo. Nilipoacha kukuandikia, niliacha kwa sababu nilichoka kuutafuta. Na Februari nilipokuomba vyombo, nilijiambia kimoyomoyo, akilisema safari hii, nitamwambia aje na tarumbeta yake. Ukaniandikia tena ile habari ya siku ya tatu.

Sasa umelisema, Baba, na sina tena pa kukukaribisha.

Binti yako