Shangazi wa Wuhan

Hallonbergen, 14 Agosti 2011

Zephania,

Mwezi Julai nilipoteza siku kumi na mbili, kati ya ishirini na tano za likizo yangu, huko kwenu Wuhan. Joto nyuzi thelathini na tisa, watu wamebanana hadi ukingoni mwa mto, chumba chako ghorofa ya saba bila lifti. Hayo niliyavumilia. Lakini nani alikutuma uwaambie wanafunzi wenzako kwamba mimi, mchumba wako, ni shangazi yako? Nakuzidi miaka minne tu! Yule binti mwenye ufunguo wa chumba chako akanipigia goti: "Shikamoo, shangazi." Nami, kwa mazoea, nikaitikia marahaba.

Wazee wako wanaleta posa kwetu tarehe kumi Septemba. Nijibu kabla ya tarehe mosi: waje, au wabaki kwao?

Adelina